Sera ya lishe ipimwe kwenye sahani, si kwenye semina

Mwaka 1987 serikali ya Mauritius ilibadilisha mafuta ya kupikia ya wananchi wake. Kisiwa kile kilikuwa na mafuta ya mgao, ya bei nafuu, yaliyotumika katika majiko mengi, na sehemu kubwa yalikuwa ya mawese. Mawese yakaondolewa, yakawekwa mafuta ya soya. Mwaka 1992 watu wazima walipopimwa tena damu, wastani wa lehemu ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7, na watafiti wakakadiria kwamba sehemu kubwa ya kushuka huko ilitokana na yale mafuta. Mama wa Port Louis aliendelea kukaanga samaki wake kwa kikaango kilekile, akinunua mafuta duka lilelile.

Naupenda mfano huu kuliko mingine yote niliyoisoma katika miaka yangu ya kazi, na sababu kubwa ni namna hesabu yake ilivyotolewa. Watu walipimwa kabla, wakapimwa baadaye, na majibu yakasemwa yote, mazuri na mabaya. Mabaya yalikuwepo: katika kipindi hicho uzito wa watu uliongezeka, na kisukari hakikupungua. Elimu kwa umma nayo ilitolewa, shuleni, kazini na katika vyombo vya habari. Hata hivyo aliyesoma ripoti ile alijua mafuta yamefanya nini na hayakufanya nini. Ni sera gani yetu ya lishe inayoweza kujieleza hivyo?

Nilikuwa afisa lishe wa wilaya, kwanza Nyanda za Juu Kusini, baadaye mkoani Morogoro, ambako nilistaafu na ndiko ninakoishi. Kazi yangu ilikuwa kutekeleza sera za wengine na kuziandikia taarifa. Aliyewahi kukaa ofisi ya halmashauri anazijua safu za taarifa hizo: shughuli iliyopangwa, shughuli iliyofanyika, walengwa waliofikiwa, fedha iliyotumika, changamoto. Semina ya lishe bora kwa viongozi wa kata imefanyika, walengwa wamefikiwa, utekelezaji asilimia 100. Hakuna safu inayouliza watu wa kata ile walikula nini wiki iliyofuata.

Sisemi hivi kwa kudharau yaliyofanyika. Mwishoni mwa 2017 TAMISEMI na wakuu wa mikoa walisaini Mkataba wa Lishe, na mwaka 2022 ukasainiwa upya mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Kabla ya mkataba ule lishe ilikuwa ndugu maskini wa bajeti ya afya. Mkurugenzi alikuwa akikupa shilingi zilizobaki baada ya dawa, magari na posho. Leo halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5, na asiyetenga anaulizwa mbele ya wenzake. Nimeona kwa macho yangu wakurugenzi waliokuwa hawajui jina la afisa lishe wao wakimtafuta kwa simu siku chache kabla ya kikao cha tathmini. Mkataba ule uliileta lishe mezani.

Ila unapima zaidi fedha, vikao na huduma za watoto wadogo. Hebu tuzitazame namba za taifa zenyewe. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 30. Hatua hiyo ni ndogo lakini ni ya kweli. Katika kipindi hichohicho wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Na Iringa, mkoa unaopeleka mahindi, maharage na viazi kwa mikoa mingine, mwaka 2022 ulikuwa na udumavu wa asilimia 57. Njombe nusu ya watoto. Mtu akiniambia tatizo la nchi hii ni uhaba wa chakula, namwomba akapande basi la Njombe.

Tunalo pia tatizo la kuamini elimu kupita kiasi, na lina historia yake. Mwaka 1973, mwaka uleule ilipoundwa Taasisi ya Chakula na Lishe, taifa liliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza, chini ya miti na madarasani, wakijadili choo, maji na mbu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Nilikuwa mtoto, lakini wazee wetu waliyakumbuka mafunzo yale kwa mapenzi makubwa, na kizazi changu cha maofisa lishe kililelewa katika imani hiyo: mfundishe mtu, atabadilika. Tofauti ambayo hatukuitilia maanani ni kwamba choo ukishakichimba kimechimbwa. Jirani anakiona, mwenyekiti wa kijiji anakihesabu. Chakula kinanunuliwa upya kila siku, kwa fedha ya siku hiyo, na mtu aliyechoka siku hiyo.

Elimu inafanya kazi palipo na kikwazo cha kutojua. Kunyonyesha ni ushahidi bora nilio nao. Mwaka 2010 nusu ya watoto wachanga wa nchi hii walinyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 64. Manesi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na mabibi walioelimishwa waliifanya kazi hiyo, mama mmoja baada ya mwingine, na wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Lakini maziwa ya mama hayauzwi sokoni. Akishaambiwa kwamba yanatosha na maji hayahitajiki, mama anacho tayari kile anachoshauriwa kutumia.

Mboga na matunda je? Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2012 ulikuta asilimia 97 ya watu wazima hawafikii kiwango kinachoshauriwa cha matunda na mboga kwa siku. Katika utafiti huohuo, watu wa miaka 25 hadi 64 wenye shinikizo la juu la damu walikuwa takribani asilimia 26, na wenye kisukari asilimia 9. Mtu asiyejua kwamba mchicha ni mzuri kwa mwili sijakutana naye bado, wala kijijini wala mjini. Ninapoishi, malori ya Mgeta hushuka usiku na karoti, kabichi na njegere kwenda Dar es Salaam, na ndizi na matunda ya Matombo na Kinole hupita barabarani kwetu. Mama anayeuza karanga stendi ya Msamvu anaziona zikipita. Jioni ana shilingi elfu chache na watoto 4, na mkaa umepanda. Maharage yanataka saa 2 jikoni na mkaa wa kutosha. Chipsi za kibandani ziko tayari, moto wa mtu mwingine. Ukimwita huyo mama kwenye semina ya makundi ya vyakula, utakuwa umempotezea mauzo ya siku.

Kwa hiyo nikipewa sera ya kutathmini, huuliza kwanza kama imebadilisha chakula chenyewe au bei yake, au imemwachia mlaji mzigo wote.

Chumvi ndiyo fahari yetu, na inashangaza jinsi tunavyoizungumzia kidogo. Wazee wa nyanda za juu wanakumbuka rovu, uvimbe wa shingo uliokuwa wa kawaida kiasi kwamba watu waliuona kama sehemu ya sura ya mtu. Ukosefu wa madini joto hauishii shingoni. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto unaathirika kabla hajazaliwa. Katika wilaya 16 zilizokuwa na hali mbaya, miaka ya 1980 wanafunzi waliokuwa na uvimbe huo walikuwa asilimia 61. Mwaka 1994 zikapitishwa kanuni za kuweka madini joto kwenye chumvi. Mwaka 1999 wanafunzi wa wilaya hizohizo walipopimwa, walikuwa asilimia 12. Hakuna aliyebadilisha mapishi. Mpishi alitia chumvi ileile, kwa kiganja kilekile.

Na hata hapo tathmini ya kweli ilitufundisha mapungufu. Wazalishaji wakubwa wa chumvi walifuata kanuni mapema. Wadogo wa pwani, wanaokausha maji ya bahari kwenye majaruba na kuuza kwa gunia, walibaki nyuma, na ndiyo maana watu wa Lindi, Mtwara na Pemba, wanaoishi jirani na chumvi, wamekuwa miongoni mwa wale wanaokula chumvi isiyo na madini joto ya kutosha. Bila kupima chumvi ya nyumbani, kijiko kwa kijiko, kwa matone yanayobadilisha rangi, tusingejua hilo. Tungetangaza ushindi na kwenda zetu.

Unga umekumbana na kikwazo cha aina hiyohiyo, kikubwa zaidi. Kanuni za 2011 zilitaka viwanda virutubishe unga na mafuta ya kula: madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 kwenye unga, vitamini A kwenye mafuta. Unga wa ngano, unaotoka viwanda vichache vikubwa, ni rahisi kuufikia. Mahindi hayako hivyo. Mtanzania wa kijijini, na wa mtaani pia, anabeba debe lake la mahindi hadi mashine ya jirani, anakoboa, anasaga, anarudi na sembe nyeupe iliyoondolewa pumba zake, na pamoja na pumba sehemu kubwa ya virutubishi. Kisha serikali inamtafuta ili imrudishie kwa kifaa cha kuchanganyia virutubishi ambacho mwenye mashine hana fedha ya kukinunua wala fundi wa kukitengeneza. Binafsi ningeanza na dona. Shule, magereza, makambi na hospitali za serikali zinanunua unga mwingi sana. Zikinunua dona safi, iliyosagwa vizuri na isiyo na sumukuvu, wenye mashine wataisaga. Sijui amri nyingine ya lishe inayoweza kutekelezwa kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Soda inaniudhi zaidi, kwa sababu ushahidi upo na hatuutumii. Mexico ilianza Januari 2014 kutoza peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari. Ununuzi ulishuka kwa asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na asilimia 9.7 mwaka wa pili, na waliopunguza zaidi ni kaya za kipato cha chini. Uingereza ilitangaza tozo yake Machi 2016 na kuianza Aprili 2018, kwa ngazi, kulingana na gramu za sukari. Viwanda vikapunguza sukari kabla hata tozo haijaanza. Afrika Kusini, jirani yetu wa SADC na mlima miwa, ilianza Aprili 2018 kutoza kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100, na sukari iliyonunuliwa na kaya za mijini kupitia vinywaji hivyo ilipungua kwa takriban theluthi.

Sisi ushuru wa bidhaa kwenye vinywaji baridi tumekuwa tukiutoza kwa lita. Soda yenye sukari nyingi na isiyo na sukari kabisa zinalipa sawa. Hata maji ya chupa yamewahi kuwekwa katika ushuru wa lita. Kodi hiyo inaingiza fedha Hazina, na hilo si jambo baya, lakini haimpi mwenye kiwanda sababu yoyote ya kupunguza sukari. Kubadilisha kutoka lita kwenda gramu ni kazi ya aya chache katika Sheria ya Fedha. Nasikia ikisemwa kwamba tozo ya sukari itamwumiza maskini. Maskini huyo ndiye ninayemkuta kliniki ya kisukari akiwa na kidonda cha mguu kisichopona, amekuja kwa bodaboda ya kuazima nauli. Mapato ya tozo yakipelekwa kwenye dawa zake na kwenye chakula cha mchana cha wanae shuleni, sioni atakavyokuwa ameumizwa.

Nchi zilizoteleza nazo zina la kutufunza. Denmark ilianza Oktoba 2011 kutoza mafuta mabaya kwenye siagi, jibini na nyama. Watu wakavuka mpaka kununua Ujerumani, wafanyabiashara wakalalamika, na Januari 2013 kodi ikawa imefutwa. Sisi tuna Namanga, Tunduma, Horohoro na njia za panya zisizohesabika, kwa hiyo tozo ya sukari inafaa izungumzwe Arusha, katika Jumuiya, badala ya kila nchi kujifungia peke yake. Na Mexico, pamoja na tozo yake, bado iko miongoni mwa nchi zenye watu wanene zaidi duniani. Soda imepungua, chakula kingine hakijabadilika. Anayeahidi kwamba kodi moja itaondoa kisukari anawadanganya wananchi, na mwishowe atakayelipa ni kodi yenyewe, itakayofutwa kwa kushindwa kutimiza ahadi ambayo haikupaswa kutolewa.

Lebo za onyo sina mengi ya kuzisemea. Chile iliweka alama nyeusi za pembe 8 kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi kuanzia Juni 2016, ikazuia kuviuza shuleni na kuvitangaza kwa watoto, na ununuzi wa vinywaji vilivyopata alama ukashuka kwa karibu asilimia 24. Ni kazi nzuri, kwao. Kwetu mafuta ni ya kupima, sukari ni ya kupima, maandazi yako kwenye ndoo, chipsi kwenye karatasi. Alama utaibandika wapi? Sehemu ya Chile inayotufaa leo ni ile ya shule.

Shuleni ndiko ninakoumia. Mwongozo wa kitaifa wa chakula cha wanafunzi upo, na maofisa huhesabu shule zinazotoa chakula. Katika taarifa nilizozipokea mimi, kikombe cha uji wa sembe na sukari kilihesabiwa sawa na sahani ya makande yenye maharage ya kutosha. Shule zote mbili ziliwekewa alama ya vema. Mtoto ambaye mzazi hakuchangia debe la mahindi alikaa nje wakati wenzake wanakula, na yeye hakuwa na safu katika taarifa. Kisha getini kuna meza ya barafu za rangi, kashata na visheti. Simlaumu mama anayeuza. Naye ana watoto. Halmashauri ingeweza kumpa nafasi hiyohiyo kwa sharti la kuuza mihogo ya kuchemsha, ndizi, mayai, machungwa na karanga, ikamwondolea ushuru wa kila siku kama fidia, kisha baada ya muhula mmoja ikahesabu watoto wamenunua nini. Jaribio la namna hiyo lingefaa kufanywa kwanza katika kata moja, na kata jirani iachwe kama ilivyo ili tulinganishe.

Na mafuta ya kula, nilikoanzia. Zaidi ya nusu ya mafuta tunayoyatumia nchini yamekuwa yakitoka nje, mengi yakiwa ya mawese. Katika bajeti ya 2018/19 ushuru wa forodha ulipandishwa, asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, ili kumlinda mkulima wa alizeti. Baadaye bei zilipopaa ukalegezwa, na wakulima wa Singida na Dodoma wakalia. Nimefuatilia mijadala hiyo bungeni mwaka hadi mwaka. Nimesikia hoja za mkulima, za mwagizaji, za mwenye kiwanda na za mlaji anayelalamikia bei, zote halali. Sijasikia mtu akisimama kuuliza mioyo ya Watanzania imepata nini katika kupanda na kushuka kwa ushuru ule. Mauritius waliamua aina ya mafuta wakiwa na majibu ya damu ya watu wao mezani. Sisi tunabadilisha mafuta ya watu zaidi ya milioni 60 kwa hoja za forodha peke yake, ilhali hiyo ni sera ya lishe kubwa kuliko semina zote nilizowahi kuendesha.

Kupima hakuhitaji mradi wa wafadhili. Afisa lishe mwenye daftari na mizani anaweza kutembelea kaya 50 kila msimu, akauliza swali tulilofundishwa chuoni: jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulikula na kunywa nini? Akaandika bei ya fungu la mchicha, sado ya nyanya, kilo ya dona, kilo ya sembe, lita ya mafuta na chupa ya soda. Akapima uzito, kiuno na shinikizo la damu la watu wazima wa nyumba hiyo. Majibu hayo yakiingizwa katika kadi ya alama ya Mkataba wa Lishe, mkuu wa mkoa atajua anachojibia.

Madiwani wanaopitisha mipango ya lishe ya halmashauri zao wanapoona mstari wa semina, wamwite afisa lishe na kumuuliza watu wa kata zao walikula nini jana, na mwaka jana wakati kama huu walikuwa wakila nini. Akiwa hana jibu, fedha ya semina ile ikanunue mizani, daftari na mafuta ya pikipiki yake, aende akawaulize.